«Hawasikii»: juu ya neno akouo katika Agano Jipya

Kila mara tunapokutana na mapadri na wakatekista wenzetu, malalamiko ni yaleyale: «Watu wetu hawasikii.» Tumewafundisha juu ya ndoa, hawasikii. Tumewaonya juu ya waganga na hirizi, hawasikii. Tumewaomba wasaidie wagonjwa na wajane wa kijiji chao, hawasikii. Sisi wenyewe tumesema hivyo mara nyingi, nasi tukarudi nyumbani tukiwa na roho tulivu, kana kwamba kazi yetu imekwisha na kosa limebaki kwao.

Lakini tukisema «hawasikii», tunataka kusema nini? Je, sauti haikufika masikioni mwao? Je, ilifika, lakini maana haikuingia? Ao maana iliingia, nao wakaikataa? Katika luga yetu mambo hayo matatu yana neno moja. Kiziwi hasikii. Mgeni aliyefika jana kutoka mbali hasikii Kiswahili. Mtoto mkaidi hasikii wazazi wake. Neno ni moja, lakini hali si moja. Na katika watu hao watatu, wa tatu peke yake ndiye mwenye kosa.

Ndiyo sababu tumeona vema kulichungua neno la Kigriki ambalo Evanjili na Mitume wanalitumia kwa kusema kusikia, ndilo akouo. Hatutaki kuonyesha elimu. Tunataka kupima namna mbili za kulieleza neno hili ambazo zinapendwa sana katika mahubiri na katika madarasa ya seminari, kwa maana kwa maoni yetu zote mbili zinapungukiwa, na upungufu wao unatufanya tuwahukumu watu vibaya.

I. Neno na jamaa yake

Neno akouo linapatikana zaidi ya mara 400 katika Agano Jipya. Pamoja nalo kuna jina akoe, maana yake sikio, ao usikivu, ao lile jambo lenyewe lililosikiwa. Tena Wagriki walizoea kutanguliza silabi mbele ya neno na kupata maneno mapya. Hivi tunapata hypakouo, linalotafsiriwa mara nyingi kwa «kutii», pamoja na jina lake hypakoe, «utii». Tunapata parakouo, kusikia kwa pembeni, ao kutojali lililosikiwa. Na jina lake parakoe, «uasi». Tunapata vilevile eisakouo, kusikiliza ombi na kulikubali. Maneno haya yote ni watoto wa nyumba moja.

Nyuma yao kuna neno la Kiebrania shama. Kiebrania hakikuwa na neno la pekee kwa kutii kama luga zingine. Mwenye kutii ni yule aliyeisikia sauti. Wale Wayahudi waliotafsiri Maandiko kwa Kigriki, katika tafsiri inayoitwa ya Wale Sabini, waliligawanya neno hilo moja: mahali pengine waliweka akouo, pengine hypakouo, pengine eisakouo, kadiri maneno yaliyozunguka yalivyotaka. Kwa hiyo watafsiri wale hawakutumia kanuni moja kwa mahali pote. Walisoma sentensi nzima, kisha wakachagua. Tulikumbuke jambo hili, maana litatusaidia mbele.

Hapa waseminari wengi wanafurahi na kusema: «Basi neno letu kusikia ni sawasawa na akouo!» Ni karibu, lakini si sawasawa. Neno letu ni pana zaidi. Sisi tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu ya samaki, tunasikia maumivu ya mgongo. Akouo halifanyi hivyo. Linabaki kwa mambo ya sikio na sauti. Lakini katika zile maana tatu tulizozitaja mwanzo, yaani sauti kufika, maana kuingia, na moyo kukubali, luga yetu inatembea pamoja na Kigriki kuliko luga nyingi za Ulaya. Tusiidharau zawadi hiyo.

II. Kanuni ya wanasarufi

Namna ya kwanza ya kueleza inatoka darasani. Tunafundishwa kwamba jina linalofuata akouo likiwa katika genitivo, maana yake ni kusikia mlio tu. Likiwa katika akuzativo, maana yake ni kusikia na kufahamu. Kanuni hii inatumiwa hasa kwa kupatanisha mahali pawili pa Matendo ya Mitume juu ya njia ya Damasko. Sura ya 9, mstari wa 7, inasema kwamba wenzake Sauli waliisikia sauti. Sura ya 22, mstari wa 9, inasema hawakuisikia. Mahali pa kwanza ni genitivo, mahali pa pili ni akuzativo. Basi, wanasema, fundo limefunguka: walisikia mlio, hawakusikia maneno.

Kwamba walisikia mlio wasifahamu maneno, sisi pia tunakubali. Mkristu wa kwetu haoni ugumu mkubwa hapo: anajua kwamba mtu anaweza kusikia na kutosikia kwa saa moja. Lakini kwamba jambo hili linatoka katika kanuni ya genitivo na akuzativo, hilo hatuwezi kulikubali, na sababu iko katika kitabu kilekile. Katika sura ya 22, mstari wa 7, mistari miwili tu kabla ya ule mwingine, Paulo mwenyewe anasema aliisikia sauti ikimwita kwa jina. Naye alifahamu vema, hata akajibu. Hapo Luka ameweka genitivo. Katika sura ya 9, mstari wa 4, na katika sura ya 26, mstari wa 14, kwa jambo lilelile, ameweka akuzativo. Vilevile Petro, katika sura ya 11, mstari wa 7, anaeleza namna alivyoisikia sauti ikimwambia achinje na kula: ni genitivo, na Petro alifahamu sana, hata akabisha.

Tutazame tena Evanjili ya Yoane. Kondoo wanaisikia sauti ya Mchungaji mwema na kumfuata: hapo sauti iko katika genitivo, na hakuna kusikia kwa ndani kuliko huko. Kama tukiishika kanuni ya darasani, kondoo wa Yezu wangekuwa wanasikia mlio mtupu.

Basi kanuni hiyo ni kama fimbo: inamsaidia mzee kutembea, lakini haijui njia. Mwanafunzi aishike kwa mtihani, asiipeleke mbele ya altare.

III. «Kusikia maana yake ni kutii»

Namna ya pili inapendwa zaidi, kwa sababu inaamsha watu. Mhubiri anasema: «Ndugu zangu, katika luga ya Biblia kusikia ni kutii. Asiyetii hajasikia.» Kisha anaonyesha kwamba hypakouo limezaliwa na akouo, na kwamba hata neno la Kilatini oboedire limetoka kwa audire, kusikia. Waamini wanashangaa, wanaona kwamba padri amesoma.

Tuseme kwanza ukweli ulio katika maneno hayo. Ni kweli kwamba mahali pengi akouo linataka moyo ukubali. Juu ya mlima, sauti kutoka katika wingu inaamuru Mitume watatu wamsikie Mwana. Haitaki watege masikio tu. Katika mfano wa Lazaro maskini, Abrahamu anasema ndugu za yule tajiri wanao Musa na manabii, wawasikie hao. Hapa pia ni kukubali. Na Israeli aliyeitwa kila siku «asikie» hakuitwa kwa kupokea habari tu.

Lakini kutoka «mahali pengi» mpaka «siku zote» ni mwendo mrefu. Herode alimsikia Yoane Mbatizaji, tena kwa furaha. Marko anatuambia hivyo katika sura ya 6. Je, alitii? Alimkata kichwa. Katika sura ya 4 ya Marko, wale walio inje wanasikia sana wala hawafahamu. Na Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 14, anasema kwamba mtu anayesema kwa luga isiyojulikana, hakuna anayemsikia. Masikio yao yalisikia makelele. Maana ndiyo waliyoikosa. Hapo akouo ni kufahamu, si kutii. Wale Sabini walikuwa wamelitumia hivyo tayari katika habari ya mnara wa Babeli: watu hawakusikia tena luga ya wenzao.

Ushuhuda mkubwa kuliko yote ni sura ya 10 ya barua kwa Waroma. Paulo anauliza namna gani watu wataamini wasipokuwa wamesikia, na namna gani watasikia pasipo mhubiri. Kisha, katika mstari wa 16, anasema si wote walioitii Evanjili: neno ni hypakouo. Katika mstari wa 18 anauliza kama labda hawakusikia, naye anajibu kwamba kweli wamesikia: neno ni akouo. Katika mstari wa 19 anauliza tena kama labda Israeli hakujua. Kama kusikia na kutii vingekuwa kitu kimoja, Mtume angekuwa anajipinga mwenyewe ndani ya mistari mitatu. Sivyo. Anapanda ngazi: walisikia? walijua? walitii? Anauliza kila jambo mahali pake, wala haruki kidato.

Kosa la mhubiri wetu linajulikana na wataalamu. Mwaka 1961 James Barr alitoa kitabu chake The Semantics of Biblical Language, akaikosoa vikali desturi ya kutafuta teolojia ndani ya mizizi ya maneno, hata katika kamusi kubwa ya Kittel iliyoanza kutolewa mwaka 1933. Maana ya neno, alisema, inatoka katika matumizi yake ndani ya sentensi, haitoki katika ukoo wake. Sisi tungesema: mtoto anafanana na baba yake, lakini usimlipishe deni la baba yake kabla ya kumwuliza jina.

IV. Rode mlangoni

Sasa tulitazame hypakouo lenyewe. Tumezoea kulitafsiri «kutii», neno lenye asili ya Kiarabu. Hatulikatai, limekwisha kuingia katika sala zetu, nalo linafaa. Lakini masikioni mwa wengi linakumbusha amri ya mkubwa, na woga wa mdogo anayengoja fimbo. Tena limekata undugu: anayesikia «kutii» haoni tena kwamba neno hili ni mtoto wa «kusikia».

Kuna mahali pamoja ambapo hypakouo linatumiwa pasipo teolojia yoyote, napo panatufundisha zaidi kuliko kamusi. Ni Matendo ya Mitume, sura ya 12, mstari wa 13. Petro ametolewa gerezani na malaika usiku, anafika kwenye nyumba ya Maria mama wa Yoane Marko, anabisha mlangoni. Mtumishi mmoja mwanamke, jina lake Rode, anakwenda kwa hypakouo. Hapa hatuwezi kutafsiri «anakwenda kutii». Vulgata ilisema amekwenda kusikia. Sisi tuna neno zuri zaidi: alikwenda kuitika hodi.

Wasomaji wetu wanajua hodi ni nini. Mgeni amesimama inje, hana haki ya kuvunja mlango. Anaita. Mwenye nyumba anaisikia sauti, anaitambua, anaitika, anafungua. Hypakouo ni tendo hilo lote: kusikia kunakosimama na kwenda mlangoni. Hata katika maneno yetu, mtu akisema «ameitika», anataka kusema amejibu, na pia amekubali. Basi wakatekista wanaofundisha juu ya utii wa imani, ambao Paulo anautaja mwanzo na mwisho wa barua kwa Waroma, wasiogope kusema: imani ni kuitika.

Lakini tuendelee na habari ya Rode, maana haijaisha. Aliisikia sauti. Akaitambua kuwa ni ya Petro. Akafurahi. Na kwa sababu ya furaha hiyo hakufungua. Alikimbia ndani kuwapasha wengine habari, na Petro akabaki inje usiku, akiendelea kubisha. Wale waliokuwa ndani wakisali wakamwambia Rode kwamba ana wazimu.

Tusicheke upesi. Rode alikwenda kuitika, naye hakuitika. Alikuwa na yote: sauti, maana, hata furaha, mlango tu ulibaki umefungwa. Je, sisi tunaohubiri hatufanani naye? Tunaisikia sauti ya Bwana katika somo la siku, tunaitambua, tunafurahi kwa sababu tumepata hoja nzuri ya mahubiri, tunakimbia kuwapasha wengine. Na Bwana mwenyewe tumemwacha anabisha mlangoni kwetu.

Tuongeze neno moja ili tusianguke katika kosa lile tulilolikosoa. Hypakouo nalo si takatifu siku zote. Upepo na bahari vinamtii Yezu kwa neno hilihili. Hata pepo wachafu, katika sura ya kwanza ya Marko. Pepo wanatoka kwa sababu wameshindwa, hawamfungulii Bwana mlango. Kwa hiyo utii wa nguvu tupu si ule ambao Evanjili inautafuta kwa wanadamu. Nasi mapadri tukiridhika kwa sababu watu wanatuogopa, tumepata utii ambao hata shetani anaweza kuutoa.

V. Nani ameziba masikio?

Linabaki parakouo, ambalo ni hatari, kwa maana ndilo la hukumu. Linapatikana mara 3 tu katika Agano Jipya. Mara moja liko katika Marko, sura ya 5, mstari wa 36: wajumbe wanamwambia Yairo kwamba binti yake amekufa, asimsumbue tena Mwalimu, naye Yezu analisikia neno hilo kwa pembeni, ao halijali; wafasiri hawapatani, na maandiko mengine ya kale yameweka akouo tu. Kwa vyovyote tunajifunza kwamba kuna maneno ya kutojaliwa, kama yale yanayokataza kusali.

Mara mbili zingine ziko pamoja katika Matayo, sura ya 18, mstari wa 17. Ndugu yako amekukosea. Nenda kwake, ninyi wawili peke yenu. Akikusikia, umempata ndugu yako: neno ni akouo. Asiposikia, chukua mmoja ao wawili pamoja nawe. Akiwapuuza hao, ambia Eklezya. Na akiipuuza Eklezya pia, hapo ndipo anahesabiwa kama mtu wa inje. Tuhesabu safari. Bwana hakuruhusu kuanza na neno parakouo. Kwanza kuna kwenda nyumbani kwa mtu, kusema naye kwa siri, kisha kurudi na mashahidi, kisha kanisa. Mpaka mwisho wa njia hiyo, huyo ni ndugu ambaye hajasikia bado.

Sisi tunafanya namna gani? Tunahubiri mara moja siku ya Mungu, kwa maneno tuliyoyatoa katika vitabu vya seminari, wamama walio nyuma hawapati sauti, wazee hawapati maana, na siku ya pili tunasema: «Hawasikii.» Tumeruka toka akouo mpaka parakouo. Tumewapa kosa la mkaidi, kumbe wengine ni kiziwi tu, na wengine ni wageni katika luga yetu ya kanisa. Aliyesema kwa luga isiyofahamika, Paulo hakuwalaumu wasikilizaji wake. Alimwambia msemaji anyamaze katika kusanyiko kama hakuna wa kufasiri.

VI. Mungu naye anasikia

Tumalize kwa mahali ambapo jamaa yote ya neno hili inakutana. Ni barua kwa Waebrania, sura ya 5, kutoka mstari wa 7 mpaka wa 11. Kristu, katika siku za maisha yake ya mwili, alimtolea Mungu sala kwa kilio na machozi, naye alisikiwa: eisakouo. Ijapo ni Mwana, alijifunza utii katika mateso: hypakoe. Akawa chanzo cha wokovu kwa wote wanaomtii: hypakouo. Na mara moja mwandishi anawageukia wasomaji wake, anawaambia kwamba masikio yao yamekuwa mazito: akoe. Maneno manne ya nyumba moja katika mistari mitano.

Tuangalie mpango wake. Wa kwanza kusikia ni Baba. Anakisikia kilio cha Mwana. Kisha Mwana anatii. Kisha sisi tunamtii Mwana. Utii wetu hauanzi na amri, unaanza na Mungu aliyesikia kwanza. Hata malaika, alipomtokea Zakaria hekaluni, alianza kwa kumwambia kwamba ombi lake limesikiwa. Neno ni hilohilo eisakouo.

Na huu ndio ushauri wetu kwa mapadri na wakatekista, na kwa waseminari wanaojitayarisha. Kabla ya kusema «hawasikii», tuulize maswali ya Mtume kwa taratibu yake: sauti imefika? maana imeingia? nao wamekataa kweli? Lakini kabla ya hayo matatu tuulize la nne, linalotuhusu sisi: je, tumewasikia wao? Mama aliyefika kwetu na shida ya ndoa yake, tulimsikia, ao tulikuwa tunangoja amalize ili tumsomee sheria? Konstitusyo ya Mtaguso juu ya Neno la Mungu, Dei Verbum, ya tarehe 18 Novemba 1965, inaanza kwa kuionyesha Eklezya ikilisikia Neno kwa heshima, kisha ikilitangaza kwa uhodari. Kusikia kumetangulia.

Katika Ubatizo, padri anapofanya ile ibada ya Efata, anagusa masikio ya mtoto kwanza, kisha kinywa. Tuombe neema ya kufuata taratibu hiyo sisi wenyewe. Petro angali mlangoni.